Jenereta Yangu Kwenye Posa Yangu

Leo nimeanikwa, jamani! Na taa iliyonianika ni ya jenereta yangu mwenyewe. Petroli nilinunua mwenyewe. Waya nilifunga mwenyewe. Hata globu nilichagua yenye mwanga mkali, huku najisifu.

Nawaandikia nyie wenzangu tuliomaliza shule pamoja, mlioko Tanga na Morogoro, kabla Mtoni haijawafikishia habari hii na chumvi yake. Naandika kwa kibatari. Kwa nini mtu mwenye jenereta anaandika kwa kibatari, mtaelewa huko mbele.

Mnakumbuka niliwaambia nimenunua jenereta. Ni zile ndogo za bei nafuu zinazokuja siku hizi na mizigo ya Dubai, zina mpini juu, unaibeba kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji (ukienda mbali unabadilisha mkono, na ukienda mbali zaidi unatafuta baiskeli). Karatasi yake ya maelezo ina maandishi ambayo Mtoni nzima hakuna anayeyasoma. Kwa hiyo nimejifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kuuliza kila mwenye vespa anayepita, maana nayo inakunywa petroli iliyochanganywa na oili kama vespa. Mnanijua. Mie kitu chenye mfuniko kinaninyima usingizi mpaka nione ndani kuna nini. Na toka mgao wa umeme uanze, saluni yangu ndiyo pekee mtaani ambayo mashine ya kunyolea haisimami. Vinyozi wenzangu wamerudi kwenye mkasi.

Kuna jambo moja nililigundua mwenyewe, nikalionea fahari. Chini ya tangi kuna koki ya petroli. Ukiifunga, jenereta haizimi hapo hapo. Inaendelea kunguruma kwa kile kidogo kilichobaki kwenye kabureta, kama vile hakuna kilichotokea. Baada ya muda inakohoa. Inakohoa tena. Kimya. Nilikuwa najiuliza jambo hili lina faida gani kwa binadamu. (Leo nimeipata faida yake. Subirini.)

Sasa, Mwanaidi. Huyu ni binti anayeshona cherehani kwenye baraza iliyopakana na saluni yangu. Nimekuwa nikimweleza habari za jenereta tangu siku nilipoileta, mpaka akaniambia, "Kassim, nimeshakariri. Koki, choki, kamba. Niache nishone." Mwanamke akikwambia hivyo na bado anatabasamu, unampelekea posa. Nikapeleka.

Barua ilikwenda, zawadi zikapokelewa, na leo ndiyo ilikuwa siku ya washenga kwenda kuchukua jibu. Na jibu lenyewe, wenzangu, halikuwa la uhakika. Nilishapata habari kwamba kuna bwana mmoja wa Ilala mwenye pikapu naye kapeleka barua. Kinyozi na mwenye pikapu! Usiku wa jana sikulala.

Mshenga wangu mkuu ni mjomba wangu, Mjomba Rajabu, aliyenilea. Mnamjua: kanzu imenyooshwa, fimbo mkononi, mila zote kichwani. Jana jioni alinikalisha chini.

"Kesho unakaa ndani," akasema. "Sitaki kukuona barabarani. Sitaki kusikia umepita hata upande ule wa msikiti. Siku ya jibu, mposaji haonekani nyumbani kwa binti. Ukionekana watasema tumewaletea mtu wa papara, asiye na adabu, na ndiyo yao itageuka hapana palepale. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

"Rudia."

"Nakaa ndani."

Na naapa nilikaa ndani! Asubuhi nzima. Nilifunga saluni nikakaa chumbani natazama dari. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, ndipo nikasikia hodi.

"Hodi! Hapa ndipo kwa fundi wa jenereta?"

Nikafungua. Mama wa makamo, khanga mpya, uso siujui.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Tuna ugeni jioni, na leo mgao uko kwetu. Nimeambiwa wewe una mashine."

Mtu mwenye akili angesema mashine haikodishwi, kwaheri. Mie nikauliza, "Ugeni wa nini, mama?"

"Wa posa. Mtoto wa kaka yangu, Mzee Kondo, pale nyuma ya msikiti. Wanakuja washenga kuchukua jibu. Mie ndiye shangazi yake, Bi Tatu. Nimetoka Kisiju juzi kwa ajili hiyo."

Wenzangu! Mzee Kondo ni baba yake Mwanaidi! Shangazi wa mchumba wangu kasimama mlangoni kwangu, hanijui hata kidogo, anaomba umeme wa posa yangu mwenyewe.

"Na jibu lenyewe ni lipi, mama?" (Limenitoka. Sikulipanga.)

Akaniangalia juu mpaka chini. "We fundi, jibu unalitakia nini? Unataka kuoa wewe?"

Nikacheka kicheko kibaya. Nikasema natania tu.

Nilikuwa na njia ya kutoka. Ningeweza kumpa mashine akaenda nayo na mwenye mkokoteni. Lakini nani angeiwasha? Ukiivuta vibaya kamba inakurudia vidoleni. Ukisahau kuvuta choki, ile ya kubana hewa, utavuta kamba mpaka kesho. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba kichwani mwangu lilikuwa limeshaingia jambo moja tu, nalo halikutoka tena: kwamba jioni hii, katika sebule ile, watu watakuwa wanazungumza habari zangu, na mie nitakuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mzee Kondo hajawahi kuniona, nywele zake ananyoa kwingine. Bibi yake Mwanaidi hatoki nyumbani. Anayenijua ni Mwanaidi tu. Na washenga watapitia mlango wa mbele, fundi anakaa uani. Nani atajua?

Nikaazima ovaroli ya jirani yangu anayechomelea mageti. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Nikajipaka oili kidogo shavuni (hii haikuwa lazima, nilinogewa). Jenereta nikaifunga kwenye kariya ya baiskeli, kopo la oili mfukoni, nikaingia kwa Mzee Kondo kwa mlango wa uani.

Uani walikuwa akina mama wanapika. Mwanaidi alitoka jikoni na sinia la vikombe. Aliponiona, vikombe vyote viligongana.

"Shangazi," akasema taratibu, "huyu ndiye fundi?"

"Ndiye huyo. Kuna nini?"

"Hamna kitu." Akapita karibu yangu akajifanya anaokota kijiko. "Una wazimu wewe? Ondoka!"

"Nakaa hapa hapa uani," nikamnong'oneza. "Siingii ndani."

"Mjomba wako akikuona?"

"Hataniona. Jibu ni lipi?"

Alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau, akarudi jikoni bila kuniambia neno. Yeye mwenyewe alikuwa hajaambiwa, nimekuja kujua baadaye. Lakini wakati ule nilidhani ananinyima makusudi.

Nikatandaza waya. Globu moja sebuleni, moja jikoni, moja uani. Nilipokuwa naunga, Bibi yake Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka ananifuata kwa macho. Bibi mdogo wa umbo, tumbaku shavuni, masikio mazima kabisa.

"Fundi, we wa Mtoni hii hii?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi utakuwa unamjua kinyozi mmoja, Kassim."

Hapa ndipo, wenzangu, ningepaswa kusema simjui nikaendelea na waya. Lakini ni lini tena binadamu anapewa nafasi kama hii? Nikaweka koleo chini.

"Kassim? Namjua sana, bibi! Kijana mstaarabu yule. Mchapakazi. Ana mashine yake mwenyewe kama hii, lakini yake nzuri zaidi." (Msiniulize kwa nini nilisema hivyo.)

"Swala?"

"Hakosi."

"Mbona mie nimesikia ni mdaku? Kwamba mtu akinyolewa pale anatoka ameshahojiwa mpaka jina la nyanya yake?"

"Kassim mdaku?" Nikashika kifua. "Bibi, wamekudanganya! Yule hata mlango ukiwa wazi hachungulii."

Bibi akatafuna tumbaku yake. "Hata mlango ukiwa wazi," akarudia, kama anayeweka kitu mfukoni.

Magharibi ikaswaliwa, giza likaingia. Nikafungua koki, nikavuta choki, nikavuta kamba. Mvuto wa pili, ngrrrrrr! Nyumba nzima ikawaka, akina mama wakapiga vigelegele, majirani gizani wakapiga kelele wakidhani umeme umerudi. Nilisikia fahari jamani, siwafichi. Bi Tatu akaniletea kahawa.

Muda si mrefu nikasikia salamu mbele. Washenga! Niliitambua sauti ya Mjomba Rajabu ikisema, "Assalamu alaykum." Nikakitambua na kikohozi chake, kile cha kuanzia hotuba. Nikasogea karibu na ukuta nipate kusikia hotuba yenyewe.

Ngrrrrrrrr.

Nikatega sikio upande mwingine. Ngrrrrrr. Nikaziba sikio moja, nikalitegea lingine. Ngrrrrrr. Mashine niliyokuwa nikiisifu sauti yake mtaa mzima, leo ndiyo ilikuwa imesimama kati yangu na maisha yangu! Ndani huko wanaume wanaongea, labda wanasema ndiyo, labda wanamtaja mwenye pikapu, na mie nasikia pistoni ikipanda na kushuka. Nikaona kupitia upenyo wa mlango mikono inakwenda, vichwa vinatikisika. Kichwa kikitikisika hivi ni ndiyo au ni masikitiko? Sikuweza kujua. Nikanywa kahawa ikaniunguza, wala sikujali.

Halafu nikakumbuka koki.

Nikizima kwa swichi, kila mtu uani ataona ni mie nimezima. Lakini nikifunga koki, mashine itaendelea kunguruma huku mie naondoka zangu. Itakapokohoa nitakuwa mbali, na lawama ni za petroli. Nikainama kama anayekagua plagi. Nikafunga. Nikasimama, nikajinyoosha, nikamwambia Bi Tatu nakwenda kujisaidia. Nikazunguka nyumba mpaka kwenye uchochoro, chini ya dirisha la sebule. Nikakuta ndoo. Nikaigeuza, nikapanda juu yake.

Nyuma ya nyumba mashine ikakohoa. Ikakohoa tena. Giza. Kimya kitamu ambacho sijawahi kukisikia!

"Aaah," ikasema sauti ya Mzee Kondo. "Kafundi kameshindwa."

"Mgao huu bwana," akajibu mtu.

"Basi, hata gizani tutaelewana," akasema Mzee Kondo. "Kama nilivyosema, hilo ndilo jibu letu. Mmelisikia."

Jibu gani?

"Tumelisikia," akasema Mjomba Rajabu, "na tumelipokea."

Tumelipokea! Kwa sauti ipi? Ya mtu aliyefurahi au ya mtu mwenye adabu? Mjomba wangu anapokea hata ugonjwa kwa sauti ile ile! Nikasogeza sikio kwenye nondo za dirisha. Pazia likanifunika. Sauti zao zilikuwa zimeshuka, mnavyojua watu wakiwa gizani wananong'ona bila sababu. Nondo mbili za katikati zilikuwa zimepinda kidogo. Sikio likapita. Nikaona shavu nalo litapita. Halafu sijui vipi, kichwa chote kikawa ndani ya sebule, chini ya pazia. Sasa nasikia mpaka pumzi.

"Hata kijana wetu anayo mashine kama hii," akasema Mjomba Rajabu, mbele kidogo tu ya pua yangu, maana kiti chake kilikuwa kimeegemea dirisha lile. "Lakini yake haizimi. Kijana wetu ni fundi wa kweli, hana ubabaishaji kama huyu wenu."

"Ni kweli?" akauliza Mzee Kondo.

"Haizimi! Na katulia ndani siku nzima leo. Nimemwambia kaa, kakaa. Adabu hiyo siku hizi utaipata wapi?"

Wenzangu, niliona aibu nikiwa bado gizani, kabla hata ya taa. Nikasema basi, inatosha, nirudi kwa mashine yangu. Nikarudisha kichwa nyuma.

Masikio yakakataa.

Nikageuza shingo. Yakakataa. Nikajaribu kwa juu, nikajaribu kwa chini. Yale masikio yaliyoingia kwa hamu hayakutaka kutoka. Na huko uani nikamsikia Bi Tatu: "Fundi! We fundi! Chooni huko umelala? Wageni wako gizani!"

Sikuweza kujibu. Ningejibu, sauti ingetokea sebuleni.

"Fundi hayupo!" akasema Bi Tatu. "Sasa nani ataiwasha hii?"

Ndipo nikasikia sauti niipendayo kuliko zote Mtoni. "Ngoja nijaribu, shangazi. Naijua."

Nilitamani kupiga kelele: Mwanaidi, usiiguse! Usifungue koki! Lakini nilikuwa nimemfundisha vizuri mno. Nilimhesabia moyoni, huku jasho linanitoka. Koki. Choki. Kamba.

Mvuto mmoja! (Mie huwa navuta mara mbili.) Ngrrrrrr!

Globu ikawaka juu yangu. Nilichagua yenye mwanga mkali, nilishawaambia. Upepo, au mkono wa mtu, sijui, ukasogeza pazia. Mjomba Rajabu akahisi kitu kikimpumulia shingoni. Akageuka. Tukatazamana, uso kwa uso, kwa umbali wa kiganja.

Nikaona meno ya mzee mmoja yaliyokuwa yameng'ata kitumbua, yamesimama hapo hapo.

"Shikamoo, mjomba," nikasema. (Ningefanyaje? Ni mkubwa wangu.)

Hakuitikia. Badala yake Mzee Kondo ndiye aliyesema, akipaza sauti juu ya ngurumo: "Mzee Rajabu, mnafahamiana na huyu fundi wetu?"

Mjomba akafunga macho. Akafungua akaniangalia tena, labda akitumaini nitakuwa nimeondoka.

"Huyu," akasema, "ndiye kijana wetu."

"Yule aliyetulia ndani?"

"Huyo."

"Mwenye mashine isiyozima?"

Mjomba akatazama fimbo yake. Mie nikaona hapa pana haja ya ufafanuzi. "Haikuzima yenyewe, mzee! Niliifunga koki makusudi. Mashine haina ubovu wowote." Nikaona nyuso zao, nikajua nimejizidishia.

Mngeniona, wenzangu! Mwili wangu umesimama juu ya ndoo uchochoroni, na kichwa changu kimeingia kwenye kikao cha posa yangu, kinaangaliwa na wazee saba. Akina mama wakajaa mlangoni. Mwanaidi alikuwa nyuma yao, oili mkononi, na aliponiona alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia. Nikasema basi, yamekwisha, pikapu imeshinda.

Mzee mmoja wa upande wao, mwenye ndevu nyeupe, akaanza. "Hili ni jambo zito. Mposaji kuingia nyumba ya binti siku ya jibu! Mila imevunjwa. Jibu lirudishwe."

Hapo Mjomba Rajabu, ambaye dakika ile angeweza kunichapa fimbo, alisimama akanyoosha kanzu yake. Damu ni damu. "Taratibu, bwana. Ameingia wapi? Miguu yake iko nje. Hakuna aliyemkaribisha, wala hajakanyaga mkeka wenu. Mtu huhesabiwa kuingia kwa miguu."

"Kichwa si ndicho mtu?" akauliza mwenye ndevu.

"Kichwa kimenasa. Kitu kilichonasa hakijaingia, wala hakijatoka."

Wakabishana, jamani! Kwa dhati kabisa. Mmoja anasema mila inaangalia macho, kwamba akishaona ndani amekwishaingia. Mwingine anasema basi hata jirani akichungulia naye ni mposaji. Mie kichwa kinafuata huyu, kinafuata yule, kadiri nondo zilivyoruhusu. Na kusema kweli yalikuwa mazungumzo mazuri sana, ningependa kuwa nimeketi. Kisha, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimo ndani tayari, nikaona niulize.

"Samahani, wazee wangu. Jibu lenyewe lilikuwa nini?"

Mjomba Rajabu akakaa chini akashika paji la uso.

Bibi yeye hakujizuia. Alicheka mpaka tumbaku ikamtoka. Akaja polepole mpaka dirishani, akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hata mlango ukiwa wazi hachungulii!" akasema. "Kweli mjukuu wangu, mlango hukuchungulia. Umepita dirishani."

"Bibi, nisamehe."

"Nyamaza. Oili unayo wapi?"

Nikamwambia mfukoni. Bi Tatu akazunguka uchochoroni, akaichukua, akampa Bibi kupitia nondo, akanishika kiuno. Bibi akanipaka masikio yote mawili oili ya jenereta, bila haraka, mbele ya wazee, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Halafu akasema "Vuta!" na Bi Tatu akavuta. Kichwa kikatoka, ndoo ikapinduka, nikaanguka na pazia juu yangu.

Nikainuka. Nikalikunja lile pazia vizuri nikalipitisha kwenye nondo (adabu bado ninayo). Nikasubiri hukumu hapo hapo nje.

"Fundi!" akaita Mzee Kondo kutoka ndani.

"Naam, mzee."

"Jibu tulilitoa wakati mashine yako inapiga kelele. Wenye haki ya kulisikia wamelisikia. Hatulirudii."

"Naam, mzee."

"Lakini umekosa, na kosa lina faini. Mashine hiyo haitoki hapa."

Nilishtuka. "Haitoki, mzee? Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayokuja kumchukua mkeo."

"Lakini mzee, saluni yangu! Mgao bado unaendelea, wateja wangu nitawanyoa na nini? Mkasi nilishauweka chini. Angalau mchana niichukue, jioni niirudishe, au niwaletee taa ya chemli, au..."

"Kassim!" Mjomba Rajabu alichomoza uso wake dirishani, hatua moja kutoka wangu. "Umesikia ulichoambiwa?"

"Nimesikia, mjomba. Jenereta inabaki mpaka siku nitakayokuja kumchukua..."

Mkeo! Kasema mkeo!

Huko ndani Bibi akapiga kigelegele, akina mama wote wakadakia, na ngurumo ya mashine ikafunikwa kabisa kwa mara ya kwanza jioni ile. Nilikaa chini uchochoroni, juu ya ile ndoo, oili inanidondoka mabegani. Nililia kidogo, sijali. Walikuwa wamenikubali kabla hata sijafunga koki. Ningekaa uani nikanywa kahawa yangu, ningeambiwa kesho kwa heshima, na jenereta yangu ningekuwa nayo.

Mwanaidi alipita na sinia kwenye kona ya uchochoro. Kumbe hakuwa analia, alikuwa anacheka, na bado alikuwa hajamaliza.

"Mvuto mmoja," akaniambia, akaendelea na safari yake.

Basi ndiyo hivyo. Nimerudi na baiskeli tupu. Mjomba hajanisemesha njia nzima, ila tulipofika mlangoni alinipa leso nijifute masikio. Kesho naanza kunoa mkasi. Kutoka hapa nilipo, upepo ukikaa vizuri, naisikia jenereta yangu kwa mbali nyuma ya msikiti, haikohoi hata kidogo. Najiuliza nani kaishika sasa, na oili anachanganya kiasi gani, na wanazungumza nini pale.

Naomba msicheke. Na mkishindwa kujizuia, nijibuni mniambie mmecheka wapi hasa, maana nisipojua sitalala.